Pesa ya Kaskazi, Mishahara ya Kusi

Mimi si fundi. Fundi ni kaka yangu, na karakana yetu ya AC na friji iko Malindi mjini, si mbali na soko la zamani. Yeye huisikiliza kompresa ikinguruma, akakwambia maradhi yake kabla hajafungua skrubu. Kazi yangu ni daftari: nani tunamdai, nani anatudai, na Jumamosi vijana watalipwa na pesa ipi. Naandika kwa sababu nawajua mafundi wengi wa pwani ambao kazi wanaijua, wateja wanao, kila kazi wanayoifanya ina faida, na bado ikifika mwezi wa sita wanauza vakyumu pampu, chombo chao cha kazi, ili walipe kodi ya nyumba. Ukiwauliza watakwambia biashara mbaya. Kumbe faida ipo, ila imelala kwenye simu ya mhasibu wa hoteli fulani, na mwenye nyumba anataka chake leo.

Malindi ina nyakati mbili za pesa. Kaskazi ikianza kuvuma, tangu Desemba hivi mpaka Machi, joto linapanda, wageni wanaingia, majumba ya Waitaliano kule Casuarina na Silversand yanafunguliwa madirisha, na simu haitulii. Februari na Machi ndio kilele. Mtu akilala usiku mmoja bila AC, alfajiri utamkuta amesimama mlangoni na macho mekundu, na siku hiyo habishani bei. Halafu Aprili masika yanaingia, kusi inashika, hoteli nyingi zinafunga hadi Julai, na mji unabaki na wenyewe. Wenyewe wanalala na madirisha wazi.

Mishahara, hata hivyo, haijui kusi wala kaskazi. Kodi ya karakana ni ileile. Muhula wa pili wa shule unafunguliwa wakati ambao hata pesa ya kununua kopa ya kuunganishia unaitafuta kwa tochi.

Siwezi kuweka hesabu zetu zote hadharani, kwa hiyo nitatoa mfano ulio karibu na ukweli. Chukua karakana ambayo kufungua mlango tu, hata asiingie mteja, ni shilingi 140,000 kwa mwezi: mishahara, kodi, umeme, mafuta ya pikipiki, simu. Aprili mpaka Julai ni miezi minne, hiyo ni 560,000. Kazi ndogo ndogo za friji wakati wa kusi, ukishatoa bei ya vipuri, zinaleta labda 70,000 kwa mwezi, yaani 280,000. Zilizobaki 280,000 zitatoka wapi? Hazitatoka Mei. Zinatakiwa ziwe zimeshawekwa kando kabla Machi haijaisha. Kaskazi ina wiki kama 16 za kazi nzito, kwa hiyo ni 17,500 kila wiki, Ijumaa, kabla hatujagawana chochote. Tunaiweka kwenye akaunti ambayo haina kadi wala haijaunganishwa na simu. Ukitaka kuitoa lazima upange foleni benki, na foleni ya benki ina faida yake: ukifika dirishani umeshafikiri mara mbili.

Kaka yangu alilichukia jambo hili mwanzoni. Kwake pesa ya Januari ilikuwa ya kununulia mashine nyingine na kufanya kazi nyingine kubwa zaidi. Tulikubaliana kwa masharti yake: jina la ile akaunti kwenye daftari liandikwe "Mishahara ya kusi", si "akiba". Akiba, alisema, kila mtu nyumbani ataiona ni yake. Mishahara ina wenyewe.

Jambo la pili nililojifunza ni kuwapanga wateja kwa kasi ya kulipa. Ukubwa wa kazi unaudanganya moyo. Katika mji huu anayelipa haraka kuliko wote ni mtu ambaye mali yake inaoza usiku huo.

Kuna mama mmoja wa samaki alituletea friza kwa tuktuk Magharibi, imejaa nguru na changu, amezifunika kwa gunia lililoloweshwa. Hakutaka kutoa samaki hata mmoja. Kaka yangu akasogeza friza nzima ukutani ikiwa na samaki wake, akapima umeme kwenye kompresa. Kompresa ilikuwa nzima. Rilei ndogo ya kuiwashia ndiyo iliyoungua. Nikamwambia, "Bibi, tukiifanya sasa hivi ni bei ya usiku. Ukingoja asubuhi ni nafuu." Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Mwanangu, samaki wangu hawaijui asubuhi." Akafungua kitita kutoka kwenye ncha ya leso, akalipa pale pale, noti zikinuka bahari. Ile kazi ilichukua muda mfupi kuliko chai iliyokuwa jikoni, na ilinunua mafuta ya pikipiki ya siku kadhaa.

Wengine wa namna yake ni wauza juisi, wenye mabucha, na wenye maduka ya dawa, kwa sababu insulini na chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8 na mwenye duka hathubutu kubahatisha. Hawa hawakuzi jina lako mjini, hupigi picha ukiwa juu ya ngazi ya friji ya bucha. Lakini pesa yao ndiyo inayotembeza karakana wiki hadi wiki.

Baada yao wanakuja wenye nyumba za kawaida, ambao hulipa wakishaona hewa baridi. Halafu majumba ambayo mwenyewe yuko Ulaya: mlinda nyumba anampigia msimamizi, msimamizi anaandika barua pepe, mwenyewe anajibu akitoka mapumziko. Si kwamba hataki kulipa. Ni kwamba mlolongo ni mrefu, na kila mtu kwenye mlolongo ana wake wa kumngoja. Hawa tunawatoza ada ya kuja kutazama kabla pikipiki haijawashwa. Mwisho kabisa ni hoteli kubwa na ofisi za umma. Kazi yao ni kubwa, barua zao zina mihuri mizuri, na pesa yao inakuja wakati ambao umeshasahau ulikuwa umeipangia nini.

Sisemi zikataliwe kazi kubwa. Nasema zipigiwe hesabu nyingine. Tuseme nyumba ya wageni inataka AC kumi za BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Kotesheni yetu ni 65,000 kila moja, imefungwa na inafanya kazi: jumla 650,000. Mashine zenyewe ni 46,000 kila moja, 460,000. Kopa, povu la kufunikia bomba, nyaya, vishikizi vya ukutani na bomba la maji ni 60,000. Vibarua na usafiri 45,000. Faida 85,000. Inapendeza.

Sasa tazama tarehe. Mteja akitoa nusu kama arbuni, anatoa 325,000. Gharama ni 565,000. Zile 240,000 zilizopungua ni zako, zimetoka mfukoni mwako kwenda kwenye kuta za mtu mwingine, na mpaka atakapomaliza kulipa wewe ndiye benki yake. Akitoa asilimia 70, yaani 455,000, mashine zimekaribia kujilipa zenyewe na wewe unachangia kitu unachoweza kukibeba. Kwa hiyo kwetu ni 70 kabla mashine hazijatoka Mombasa, 20 zikishafungwa zote na kuwashwa, na 10 mteja akishalala nazo wiki moja. Ile 10 ya mwisho ni 65,000. Akiikalia, kati ya faida yako ya 85,000 umebaki na 20,000, na umefunga AC kumi. Watu huona asilimia 10 ni kidogo, kwa sababu wanailinganisha na bei na hawailinganishi na faida.

Na arbuni si mapato. Hili nalirudia kwa vijana wetu kila mara, maana siku arbuni inapoingia karakana nzima hutembea kifua mbele. Mpaka mashine iwe ukutani, pesa ile ni amana ya mtu. Ina mstari wake kwenye daftari, kwa kalamu ya kijani, na hainunui gesi ya kazi ya mwingine. Nimeona karakana nzuri ikifungwa mjini hapa kwa mtindo huo: arbuni ya mteja wa tatu inamalizia kazi ya wa pili, ya wa nne inamalizia ya wa tatu, mpaka ikafika siku hapakuwa na wa tano. Ilikuwa Mei, bila shaka.

Kuna njia nyingine ambayo mafundi hubishana juu yake sana: mwache mteja anunue mashine mwenyewe, wewe utoze ufundi na vifaa vidogo tu. Unapoteza ile tofauti ya bei ya mashine. Lakini huweki pesa yako kwenye mali ya mtu, na mashine ikiwa mbovu tangu kiwandani si wewe utakayehangaika na duka. Kuna na kodi. Tangu Julai 2023 kodi ya mauzo kwa biashara zenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka ni asilimia 3, na inakatwa kwenye mauzo ghafi. Haiulizi umebakiwa na nini. Katika ile kazi ya 650,000, asilimia 3 ni 19,500, zinatoka kwenye 85,000 yako. Mashine akinunua mteja, zile 460,000 hazipiti mikononi mwako kabisa. Na mauzo yakivuka milioni 5 kwa mwaka unatakiwa ujisajili kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16 na inadaiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata invoisi. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haingoji hoteli ikulipe. Kwa biashara ndogo, naona afadhali mteja anunue mwenyewe, nawe umwandikie aina na ukubwa unaofaa chumba chake. Kaka yangu haafikiani nami, anasema fundi asiyeuza mashine mteja humwona kibarua. Mjadala huu unaendelea nyumbani kila Desemba.

Kuhusu hoteli na siku zao tisini. Mhasibu mmoja aliwahi kuniambia kwa upole kabisa, "Dada, utaratibu wetu ni siku tisini, si kwako tu." Nikamwambia sawa bwana, utaratibu wenu nauheshimu, basi chagua: bei ya taslimu ni hii, bei ya siku tisini ni hii. Akashangaa kidogo. Lakini hiyo ni biashara ya kale sana pwani hii. Muuzaji anaruhusiwa kuwa na bei ya kukopa iliyo juu ya bei ya taslimu, ili mradi mnunuzi achague moja kabla hamjaachana na bei isimame hapo. Ninachokikwepa ni kuongeza faini kila mwezi deni linapochelewa. Hiyo ni riba, siitaki kwenye daftari langu, na hata kwa asiyejali riba, faini humfanya mdaiwa akukimbie. Mhasibu alichagua taslimu. Si wote huchagua hivyo, lakini wale wa siku tisini angalau wanajua wanalipia muda.

Mengi ya ucheleweshaji, nikisema haki, yanaanzia kwetu wenyewe. Fundi akimaliza kazi anataka kuoga na kula. Invoisi anasema ataandika kesho, na kesho ana kazi Watamu. Mteja naye hawezi kulipa karatasi ambayo haijafika. Sasa karakana yetu ina kanuni moja ambayo vijana wanaicheka lakini wanaifuata: ngazi haishuki kabla invoisi haijatumwa. Mmoja anapiga picha mashine ikiwa inafanya kazi na kipimajoto kwenye mdomo wa AC, ananitumia kwa WhatsApp, mimi natoa invoisi ya eTIMS, mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, nikiwa karakana, inamfikia mteja wakati bado anafurahia ubaridi. Tangu Januari 2024 gharama isiyokuwa na invoisi ya eTIMS haikubaliwi kwenye hesabu za kodi za mteja, kwa hiyo wahasibu wa hoteli wamepata kisingizio kipya cha kurudisha karatasi zetu. Ukituma iliyo sahihi tangu mwanzo, umewapunguzia sababu moja.

Machi 2020 ilitupa somo ambalo hakuna aliyelitafuta. Tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, zikaja kurudi Agosti mosi. Siku mbili baadaye kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Malindi ilikuwa inamalizia kaskazi, na invoisi nyingi za hoteli zilikuwa bado zinatembea ofisini kwao. Zikalala. Nyingine hazikuamka tena, maana hoteli yenyewe haikufunguka. Walioibeba karakana mwaka ule ni wale wa samaki na bucha. Watu waliendelea kula, na kwa sababu ya kafyu hakuna aliyethubutu kuacha friza ibahatishe usiku, hivyo wakawa wanaleta mchana, mapema, kabla haijafa. Tangu hapo tumejiwekea mpaka: hakuna mteja mmoja, awe na jina kubwa vipi, atakayekuwa anadaiwa zaidi ya gharama zetu za mwezi mmoja. Ikifika hapo, kazi inayofuata ni kwa taslimu. Tumewahi kupoteza kazi moja tamu kwa msimamo huo, na mwenzetu aliyeichukua nasikia bado anaifuatilia.

Stoo nayo ni pesa iliyolala. Mafundi wanapenda stoo iliyojaa, ina heshima. Mimi naitazama kama noti zilizopangwa kwenye rafu. Mtungi wa R410A huwa na kilo 11.3 za gesi, wa R22 kilo 13.6, na gramu zake zinauzwa. Mizani yetu iko mlangoni: mtungi unapimwa unapotoka, unapimwa unaporudi, na tofauti inaandikwa kwenye kazi ya mteja husika. Kabla ya mizani, gesi ilikuwa inaisha na hakuna aliyejua imeishia wapi, na kusema kweli hapakuwa na mwizi; ilikuwa ni tabia ya kujaza gesi mara mbili kwa mteja yuleyule bila kutafuta palipovuja. Kazi ya kurudia hulipwi. Mafuta ni yako, kibarua ni wako, gesi ni yako, na inakwenda hewani kuharibu dunia juu ya hasara yako.

Kuna wanaonunua R22 na kuificha wakingoja ipande, kwa sababu chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, ule wa kulinda tabaka la ozoni, nchi kama zetu zinaiondoa polepole mpaka 2030, na mashine zake kuukuu bado zimejaa kwenye majumba ya ufukweni. Huenda ikapanda. Lakini anayeuza mishahara ya Mei ili anunue mitungi ya 2030 amekuwa mfanyabiashara wa dhahabu, na hilo duka silo tulilofungua. Tuliliona hilo kwa dola. Mwaka 2023 shilingi ilikuwa ikishuka kila mwezi, mpaka Januari 2024 dola ikagusa karibu shilingi 160. Wauzaji wa Mombasa walikuwa wanakupa bei asubuhi na kukwambia usichelewe kuamua. Watu wakaingiwa na hofu wakanunua kompresa na mashine za kutosha mwaka mzima. Machi ilipokwisha dola ilikuwa kwenye 130 na ushei, mashine mpya zikaja kwa bei ya chini, na stoo zao zikawa za kuuza kwa hasara au kungoja. Sisi kotesheni zetu zikawa na mstari mmoja chini: bei hii ni ya siku saba. Kompresa tunaagiza kazi ikiwa na arbuni, inakuja kwa matatu kutoka Mombasa imefungwa kamba, jioni iko Malindi. Stoo tunaweka vidogo vinavyokufa kila wiki: kapasita, rilei, mota za feni, thamostati.

Kila mwaka Ramadhani ikikaribia tunakaa sakafuni, mimi na kaka yangu, kupiga hesabu ya zaka. Naweza kusema ndio ukaguzi wa hesabu ulio mkali kuliko wowote tuliowahi kufanyiwa, maana unayemdanganya hapo si KRA. Kila kilicho cha kuuza kinahesabiwa kwa bei ya siku hiyo: gesi, kompresa, mabunda ya kopa, hata vishikizi. Vifaa vya kazi, kama pampu, geji na drili, havimo. Pesa iliyoko mkononi na benki inaongezwa. Kisha ikivuka nisabu, thamani ya gramu 85 za dhahabu, na mwaka wa kuandama mwezi umepita, ni asilimia 2.5.

Ugumu uko kwenye madeni. Ustadhi aliyetusomesha utotoni alinieleza hivi: deni ambalo mdaiwa analikiri na ana uwezo wa kulilipa, lihesabu kama liko mfukoni, deni ambalo huna tumaini nalo, liache mpaka litakapofika. Ukisikia hivyo unadhani ni jambo jepesi. Kaa sasa na daftari ulipitie jina kwa jina. Huyu? "Atalipa." Basi tumtolee zaka. Kimya. Kaka yangu anakuna kichwa. "Huyu tumwache." Ikiwa hatuko tayari kumtolea zaka, basi hatuamini kwamba atalipa, na kama hatuamini, kwa nini mwezi uliopita tulimpangia pesa yake kununua mafuta? Mwaka wa kwanza tulipofanya hivyo kwa ukweli, karibu nusu ya tuliyokuwa tunayaita madeni yetu yalihamia ukurasa wa nyuma. Tulionekana maskini ghafla. Lakini mipango iliyofuata ilitimia, kwa sababu ilisimama juu ya pesa iliyopo.

Wale wa ukurasa wa nyuma hatuwafuti. Kila baada ya Idi nawapigia simu, nawapa mkono wa Idi, nawauliza hali, na mwisho nataja kiasi. Wengine hulipa kidogo kidogo. Mmoja alilipa kwa mbuzi, tukampokea.

Kilichotusaidia zaidi kupunguza makali ya kusi ni mikataba ya sevisi, na tuliipata kwa sababu ya chumvi. Malindi hakuna AC iliyo salama na upepo wa bahari. Mapezi ya aluminiamu kwenye kondensa ya nje yanamomonyoka kama biskuti iliyochovywa chai, hewa haipiti, kompresa inafanya kazi kwa shida, umeme unapanda, na mwisho inaungua, kwa kawaida siku ambayo nyumba imejaa wageni. Dawa ni kuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mara kwa mara, kusafisha vichujio, kukaza nyaya. Kazi hii inafanyika vizuri zaidi Mei na Juni, nyumba zikiwa tupu na vijana wetu wakiwa hawana la kufanya.

Tatizo ni kwamba Mei mteja hana pesa wala hamu. Kwa hiyo tunauza mkataba Januari, wakati joto linamkumbusha na pesa anayo, kwa bei nafuu kuliko sevisi za moja moja. Analipa kaskazi, tunaosha kusi. Kwenye daftari pesa hiyo nayo ina mstari wake, inagawanywa kwa miezi: sevisi ikishafanyika ndipo kipande chake kinahamia kwenye mapato. Mtu akiuliza mnadaiwa nini, jibu ni tunadaiwa kazi. Kuna mwaka mteja aliuza nyumba Aprili akataka pesa yake ya sevisi zilizobaki, na ilikuwepo, ikarudi siku hiyohiyo. Aliyenunua ile nyumba ndiye mteja wetu leo.

Kazi za Lamu tunazichukua, lakini kwa hesabu ya peke yake. Gari mpaka Mokowe, mashua mpaka kisiwani, mkokoteni au punda mpaka nyumbani, na ukisahau kapasita moja umepoteza siku nzima na faida yote. Huko mteja analipa usafiri na malazi ya kwenda na kurudi kabla hatujafunga mizigo, na vijana wanabeba vipuri mara mbili ya vinavyotakiwa. Watu wa Lamu ni walipaji wazuri, sina la kuwalaumu. Bahari ndiyo ghali.

Mwaka huu tumeanza kitu kingine. Friza zilizokufa ambazo wenyewe walituachia tumezifufua, tunawakodisha wachuuzi wa samaki wasioweza kununua yao. Kodi ni shilingi 700 kwa wiki, inalipwa Jumamosi asubuhi kwa tili, yaani kwa simu, na matengenezo ni juu yetu. Ni pesa ndogo, ila inafika siku ileile vijana wanayolipwa, iwe kaskazi iwe kusi. Kaka yangu anataka tuongeze ziwe kumi kabla ya Ramadhani. Mimi nimemwambia tungoje kwanza tuone ngapi zitarudi na kompresa nzima.